Kata Stima, Kata Bati

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: Mbeti wa Ndambuki alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa majogoo wa jirani, na zaidi ya vyote aliogopa ile mashine ya kukatia mabati. Lakini angemwambia nani? Shule yao ya ufundi ilikuwa imeelewana na kiwanda kimoja cha makarai na sufuria: wanafunzi wakae muhula mmoja darasani na muhula mmoja kiwandani, na atakayefaulu aajiriwe papo hapo. Kabla yake walikuwa wamepelekwa wavulana watupu. Mwalimu mkuu hakumficha. "Mbeti, ukirudishwa wewe, hawatakubali msichana mwingine." Basi mtoto wa watu akawa anatoka kwao Maringo kila asubuhi na woga wake, huku akimwambia baba yake kwamba kazi ni tamu.

Tamu! Mwaka ule wa sabini na nane nyumba za Buruburu zilikuwa bado zinajengwa na kila mwashi alitaka karai, kwa hiyo pale kiwandani hapakuwa na kupumua. Mbeti aliwekwa na Mzee Simiyu, Mbukusu mpole aliyekuwa ameizoea mashine ile hata akasahau kwamba ina meno. Mzee alisukuma bati chini ya kisu, akasema, "Kata." Mbeti akakanyaga pedeli, kisu kikashuka, gwaa! Kila kiliposhuka alifumba macho. Wenzake walisema huyu msichana wa Kikamba ni mkakamavu kweli, na yeye aliwaacha waseme.

Siku ya balaa ilikuwa Ijumaa. Bati lilikwama chini ya kisu. Mzee alijua kwamba mashine huzimwa kwanza, sana alijua, lakini nyapara wao, Bwana Wanyoike, alikuwa amesimama nyuma akihimiza, na haraka haraka haina baraka. Akaingiza mkono alivute bati. Ncha ya bati ikaudaka mkono wa ovaroli yake. Akavuta, wapi!

"Kata!" akapiga ukelele. "Kata, binti, kata!"

Wewe uliyekaa zako kitini unajua alichotaka: kata stima. Swichi ilikuwa ukutani, nyuma ya Mbeti. Lakini tangu asubuhi neno hilo lilikuwa na maana moja tu, kanyaga, na mguu wa Mbeti ulikuwa tayari juu ya pedeli. Mguu ulilijua neno kuliko yeye mwenyewe. Akauona ule mkono uliojaa grisi chini ya kisu, akalisikia neno. Akaganda. Hakukanyaga, hakugeukia swichi, hata kupumua hakupumua. Mama yangu, nitaua mtu! Hakuwa na wazo jingine kichwani.

Mzee akajing'oa kwa nguvu zake zote, ovaroli ikararuka, naye akaanguka chali. Wanyoike akarukia swichi, akazima, akamgeukia Mbeti kama mbogo.

"Umeambiwa kata! Mbona hukukata?"

Alitafuta uongo wa kusema, akaukosa.

"Niliogopa," akasema. "Sikujua nikate stima au nikate bati."

Waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko. Wanyoike hakucheka.

"Kiwanda si mahali pa waoga. Jumatatu urudi shuleni kwenu."

Lo, maskini! Machozi yakamlengalenga. Hakujifikiria yeye tu, aliwafikiria na wasichana waliobaki darasani wakimsubiri awafungulie njia. Akaanza kuvua glavu.

Mzee Simiyu alikuwa bado ameketi sakafuni, akiufuta damu mkono wake uliochubuka. Akaitazama pedeli. Akautazama mguu wa msichana, ambao ulikuwa bado palepale. Ndipo akili ilipomrudia, na uso ukamsawijika.

"Wanyoike," akasema polepole, "mimi ndiye niliyemwambia akate. Angekuwa jasiri huyu, mkono huu ungekuwa pale chini pamoja na vipande vya mabati."

Hakuna aliyecheka tena. Wanyoike aliutazama mkono, akakitazama kisu, akamwambia Mbeti avae glavu zake.

Jumatatu Mbeti alikuwa kazini. Aliogopa Jumatatu hiyo, akaogopa Jumanne, na akaendelea kuogopa miaka yote hadi akawa yeye ndiye fundi wa mashine ile. Shule nayo iliendelea kuleta wanafunzi, wasichana kwa wavulana. Kila mgeni alipokelewa kwa swali moja.

"Unaiogopa hii?"

Wengi walitunisha vifua. "Hata kidogo, Mama."

"Basi kaa pale kwenye benchi," aliwaambia, "mpaka uiogope."