Eda Aliyoikalia Mama

Nilimkuta mama amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani, bangili zake zote zimo mapajani mwa shangazi. Mimi nilikuwa natoka kuteka maji. Nikauliza swali la kijinga.

"Nani amekufa?"

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alinitazama kwa kunihurumia. "Baba yako."

Ndoo ilinitoka kichwani, maji yote yakaenda mchangani. Nilishtuka kana kwamba baba alikunywa chai nasi asubuhi ile, na kumbe tulikuwa hatujamwona kwa miaka. Vita vilipopamba moto alitoka Kindu na baiskeli yake kwenda Kailo kutafuta mchele. Hakurudi yeye, haikurudi baiskeli, wala hatukuletewa habari. Wengine waliopotea hivyo familia zao ziliwafanyia matanga, zikalia, maisha yakaendelea. Mama alikataa katakata. Shehe alimweleza kwamba muda umeshapita na dini inamruhusu kumhesabu mumewe kuwa marehemu. Baba mdogo alimbembeleza. Jibu lake lilikuwa moja.

"Matanga ya nani? Bwana yangu alienda Kailo. Kailo si ahera."

Na kila Alhamisi aliifua kanzu ya baba ya Ijumaa, na mvua ikinyesha aliianika ndani, juu ya jiko, ikanuka moshi mpaka basi.

Sasa huyo mama ndiye aliyekuwa kwenye mkeka, na wanawake wa mtaa wanaingia uani na kuni na vilio.

Nilijua sababu, na kujua kwenyewe kulinitia ubaridi. Chuo changu cha ualimu pale Kindu kilikuwa kimebaki jina tu. Walimu wengi walikuwa wamekimbia, sisi wanafunzi tukawa tunafundishana wenyewe, kipofu na kipofu mwenzake. Ndipo chuo kimoja cha Kisangani kikakubali kunipokea mwaka wa pili, na kunilipia kila kitu: masomo, kitanda, chakula, hata sare. Msaada huo ulikuwa kwa waliofiwa na baba vitani. Kilichohitajika ni shefu, yaani kiongozi wa mtaa, athibitishe kwa maandishi.

Shefu alikuwa mtu wa kwetu, amekula pilau ya mama mara nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Binti yangu, mi nitaandika namna gani? Baba yako hatujamulilia. Muntu kama hatujamulilia, iko muzima."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimsimulia mama yote huku nalia kwa hasira, nikasema basi, nitazeekea hapa hapa. Sikumwomba afanye chochote. Nani angethubutu? Aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Na keshoye ndiyo asubuhi ile ya mkeka.

Matanga yalikuwa makubwa. Wanaume walikaa nje na kahawa, wanawake walilia kwa sauti, baba mdogo alilia kuliko wote. Mimi machozi yaligoma. Nilikuwa na hasira na kila mtu: shefu aliyekuja kula na kisha akaandika bila kusumbua, majirani waliosema "hatimaye", baba kwa kutorudi. Nguo za baba ziligawiwa jamaa. Ile kanzu sikuiona, nikadhani imekwenda na baba mdogo.

Siku ya safari mama alikuwa bado ndani ya eda, haruhusiwi kunisindikiza uwanja wa ndege. Nilimuaga chumbani, amejifunika nguo nyeupe, amepungua. Nilitaka kumuuliza kama kweli anaamini baba amekufa, lakini niliogopa jibu, liwe lolote lile.

"Enda usome," alisema. "Ndege haingojake muntu."

Nilisafiri kwenye ndege ya mizigo, juu ya magunia. Kule chuoni nilipewa kitanda changu peke yangu na chandarua kisicho na tundu, na jioni sahani ya maharage na samaki. Chakula kile kilinijia kwa sababu baba amekufa, na aliyemuua kwa ajili yangu ni mama, kwa mdomo wake mwenyewe. Nilikula nikamaliza. Nilikuwa na njaa.

Nilihitimu, nikarudi Kindu, nikaolewa, sasa nafundisha. Miaka yote hiyo nililibeba deni langu kwa mama kimya kimya.

Mwaka huu mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, mtu mstaarabu, alituma wazee wake kumposa mama. Nilifurahi kupita kiasi. Siku waliyokuja nilikwenda kwa mama tangu asubuhi, nikapika kuku, nikatandika kitambaa kipya mezani. Nilijiambia kwamba sasa naye atapata mtu wa kuzeeka naye. Wazee waliongea maneno yao mazuri. Mama aliwasikiliza kwa heshima, kisha akasema:

"Aksanti, ndugu zangu. Lakini mi niko na bwana."

Baba mdogo alipaliwa na chai. "Shemeji! Si ulikaa eda? Mutaa nzima iliona!"

"Nilikaa." Akaninyooshea kidevu mimi, niliyesimama na birika mkononi kama mwizi aliyemulikwa. "Ile eda nilikalia masomo ya huyu mutoto. Bwana yangu alienda Kailo."

Wageni walikula kuku haraka haraka, wakaaga. Mimi nilirudisha birika jikoni, nikakaa sakafuni, na machozi yaliyogoma kwenye matanga yakaja yote kwa pamoja.

Alhamisi iliyofuata nilipita kwa mama bila kubisha hodi. Alikuwa uani, na beseni, na ile kanzu ya baba. Imechakaa, kola imekuwa njano. Aliniona, hakuificha. Nilishika upande mmoja, tukaikamua.