Mjomba Alikuja Kuonja Tu

Mjomba wangu alikuwa na namna moja ya kumkatalia mtu: hali chakula chake. Kwetu Tanga mkubwa asiyetaka kumtoa binti hasemi sana. Anakaribishwa, ananawa, anasema ameshiba, na mposaji mwenye akili anaelewa. Mjomba aliihamishia Durban, Afrika Kusini, desturi hiyo nzima nzima, pamoja na pasi ya mkaa ambayo hakuwahi kuitumia.

Binti mwenyewe nilikuwa mimi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nasuka nywele kwenye saluni ya Wakongo kule Overport, na mchumba nilimpata hapohapo saluni. Kijana wa mji wa Kasongo, kule Kongo, mpishi, kichwa kimenyolewa kwa wembe hadi kinang'aa, na bado kila Jumamosi alikuja kunyolewa. Kinyozi alikuwa anampitishia mashine hewani ili asimwaibishe, huku macho ya kijana yako kwangu. Mkongo na Mwislamu. Mjomba hakuamini kwamba vitu hivyo viwili hukaa katika mtu mmoja. Alimsomesha Alhamdu, kijana akaisoma vizuri kumshinda yeye, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Basi kijana alileta sambusa nyumbani kwetu Clairwood, Mjomba ameshiba. Alileta biriani, Mjomba tumbo linamsokota. Siku ya Idi alimpa peremende, akaitia mfukoni, baadaye nikaikuta imenata kwenye kanzu wakati wa kufua. Nililia kwa hasira. Nilikuwa nampenda yule kijana kiasi cha kusuka nywele za wateja upande upande, na sikutaka kuolewa kwa kutoroka.

Ndipo nikapata akili. Mjomba alikuwa fundi wa matairi ya malori, lakini ukimuuliza atakwambia yeye ni mtu wa supu. Kila Jumapili asubuhi aliwapikia madereva wa kwetu supu ya makongoro, na hakuna supu ya mtu mwingine aliyowahi kuisifu. Nikamwendea taratibu. Nikamwambia mkahawa anakofanya kazi yule kijana, kule Morningside, ni wa mzee wa Kijapani aliyekuwa mpishi kwenye meli za kuvua jodari, na wanapika supu ya tambi iitwayo rameni. Wanataka mtu anayejua supu aende aihukumu.

"Si chakula cha posa," nikasema. "Ni kazi ya ujuzi tu, Mjomba."

Alijikuna kidevu. "Kuonja si kula," akasema mwishowe. "Hata Ramadhani mpishi anaonja kwa ncha ya ulimi, na saumu yake iko palepale. Nitaonja."

Jumamosi baada ya Alasiri tukashuka teksi kwenye robot, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, tukapanda kilima kwa miguu, Mjomba amevaa kanzu, koti na kofia ya viua, kama hakimu anayekwenda kumaliza kesi. Mkahawa ulikuwa umefungwa kusubiri wateja wa jioni. Mzee wa Kijapani alituinamia, akarudi jikoni, akabaki anachungulia kwenye pazia. Kijana akaleta bakuli kubwa, akaliweka mbele ya Mjomba kwa mikono miwili.

"Nyama gani hii?" Mjomba akauliza.

"Iko ya kuku, muzee. Na bouillon, muchuzi yake, pia iko ya kuku tu. Mi mwenyewe nilimuchinja, bismillahi, na sufuria tulinunua mupya. Patron alikubali," akasema, akimwonyesha mzee kwenye pazia.

Mjomba akaanza hukumu. Akanusa. Akakubali mafuta, kwamba supu isiyo na macho ya mafuta ni maji ya kuoshea vyombo. Akaligusa jani jeusi kwa kijiko, akaambiwa ni mwani.

"Mwani! Kwetu akina mama wanaulima, wanawauzia wageni, nasi tunajiuliza wanaupeleka wapi. Kumbe wanautia kwenye supu!"

Yai lilikuwa na kiini kinachotiririka, likamsikitisha. Tambi za chumvi, zisizo na nazi, sukari wala iliki, akaziita msiba. Akauliza limau liko wapi, kijana akakimbia. Akauliza pilipili, akakimbia tena. Mimi nimekaa pembeni, nimeikunja ncha ya kanga mkononi hadi imelowa jasho.

"Haya, naonja," Mjomba akatangaza, akachota kijiko kimoja cha supu na ncha ya tambi, akakitia mdomoni.

Tatizo ni kwamba mzee wa Kijapani alizivuta tambi zake kwa mkono, ndefu, wala hazikatiki. Ncha iko mdomoni mwa Mjomba, na sehemu nyingine yote iko bakulini. Mtu mwingine angeikata kwa meno akaiacha idondoke. Lakini Mjomba ndiye aliyetulea kwa makofi kwamba kilichoingia mdomoni hakirudi chomboni, hata kikiunguza. Nikamwona anafikiri. Macho yalimtoka. Akavuta kidogo. Tambi ikaja, ikaja na wenzake. Akavuta tena, fyuuu, yeye aliyekuwa akitufinya tukinywa uji kwa kelele, na mchuzi ukamrukia ndevuni.

Pazia likafunguka. Mzee wa Kijapani akatoka anacheka, anapiga makofi.

"Patron anafurahi," kijana akasema. "Kwao mutu akikula bila kelele, ni kama chakula haimupendeze."

Mjomba mdomo umejaa. Alimaliza alichokianza, akashusha pumzi, akalitazama bakuli. Hapo angeweza kabisa kunawa na kusema ameonja. Badala yake akakamua limau jingine. Akala. Akala hata lile yai. Akaliinua bakuli kwa mikono miwili akalimaliza, na alipolirudisha mezani tukamsikia anasema Alhamdulillahi kabla hajakumbuka yuko wapi.

Akanitazama, akamtazama kijana. Nilikuwa tayari kugombana.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndiyo, muzee."

"Wazee wako wako wapi? Waje kwangu tuzungumze. Mimi siongei mambo ya ndoa na mposaji mwenyewe."

Kijana akaangalia chini. "Muzee, mi sina. Vita ilipopita kwetu, hakuna mutu wa nyumba yetu alibaki. Niliogopa utasema mi ni mutu bila watu."

Sikuwa najua. Miezi yote ile alikuwa akiniletea salamu za mama yake, nami nikizijibu. Nilitaka kumshika mkono, na mbele ya Mjomba sikuweza.

Mjomba akavua kofia, akaiweka mapajani. Mzee wa Kijapani alikuja kuchukua bakuli, akaona halina hata tone, akainama. Mjomba naye akasimama akainama, akabaki hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Huyu anakutunza?" akauliza.

"Sana, muzee. Ananiita mutoto yake."

"Basi mwambie kesho asubuhi aje kwangu, tuzungumze wazee kwa wazee." Akavaa kofia yake, akaiweka sawa. "Na msilete chakula. Nitawapikia mimi."