Boga la Chini ya Kitanda

Harufu ya ndani ya boga haifanani na ya nje. Nje ni vumbi na moshi wa jikoni. Ndani ni ubaridi, utamu wa majani mabichi, na kitu kingine ambacho hadi leo nikikinusa nywele hunisimama. Nilikijua kwa Susu, nyanya yangu mzaa baba, huko Matinyani, msimu ule mvua ilipokawia na mama akalazwa hospitalini Kitui mjini akingoja kujifungua. Maboga, au malenge kama tulivyoyaita nyumbani, yalikuwa yameisha ghalani. Lilibaki moja kubwa la kijivu, alilolipanda mama mwenyewe, na Susu alikuwa amelisukuma chini ya kitanda nilicholalia. "Hii haikatwi mpaka mama yako akuje na mtoto," aliniambia. "Ni ya kumpikia." Njaa ilikuwepo, siwezi kudanganya, lakini hakuna aliyeligusa.

Kwetu boga halinyooshewi kidole; ukilinyooshea, litaoza. Unalionyesha kwa ngumi. Basi mchana, Susu akienda kuteka maji, nililala kifudifudi sakafuni, nikaligonga kwa ngumi yangu na kuweka sikio. Mwanzoni lilijibu kwa sauti ya utupu, nikajiambia mtoto wetu yuko salama, kwani kichwani mwangu tumbo la mama na boga lile vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja. Siku zilivyosonga, sauti ikafifia. Boga lilikuwa gumu, zima, bila doa, lakini ukiligonga ungedhani kuna kitu kimeegemea ukuta kwa ndani, nacho kinasikiliza. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu. Kisha jirani mmoja akaja kuulizia habari za mama, akainama na kulinyooshea kidole: "Kumbe nyinyi bado mko na malenge?" Susu, ambaye hakuwahi kumnyima mgeni chai, alimsindikiza mlangoni bila hata kikombe.

Mama alirudi asubuhi moja akiwa na mfuko wa nguo tu. Shali ya mtoto ilikuwa juu, imekunjwa, mpya bado. Susu aliliburuta boga hadi uani akalipasua kwa panga. Nadhani hakujua afanye nini kingine. Lilipofunguka sote tuliinama kutazama. Mbegu zilikuwa zimeota humo humo gizani. Machipukizi meupe, membamba, marefu, yalikuwa yamejisokota kuzunguka ukuta wote, yakitafuta pa kutokea, na ncha zake zilikuwa na vijani visivyo na rangi. Yalikuwa hai. Upepo ulipoyafikia yalitikisika, na ile harufu ikapanda. Susu alitaka kuwatupia mbuzi. Mama akasema, "Nileteeni jembe."

Alichimba kando ya jiko akayalaza yote shimoni, taratibu, asivunje hata moja.

"Mama Mwikali," Susu alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina langu, "hizo haziwezi kumea. Jua itaziua leo."

"Najua, mama," mama alijibu, akifukia kwa mikono. "Mtoto wangu, hawakunionyesha penye walimzika."

Susu alipiga magoti kando yake, akaanza kusukuma udongo naye.

Siku hizi sokoni Kwa Vonza maboga huuzwa vipande, yamekwanguliwa ndani, mteja aone rangi kabla ya kununua. Ni rahisi hivyo, nami hununua. Susu hayupo tena. Mwaka jana mdogo wangu, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya msimu ule, alimjengea mama jiko jipya la mawe. Fundi alipovuta kamba ya msingi, mama alitoka nje akasema ukuta usogezwe, kisha akarudi ndani bila kueleza. Mdogo wangu alikasirika. Mawe yalikuwa yameshapangwa. "Kwani hapo kuna nini?" akaniuliza. Niliinua mkono kumwonyesha mahali penyewe, na nilipoutazama, vidole vyote vilikuwa vimejikunja ngumi.