Bungeni walisema mume wangu ni mzima, sasa mwanangu anataka nikae eda

Wanangu wa ukurasa huu, kwa watakaoniamkia, marahaba. Naomba jina langu lifichwe. Nina miaka sabini na nane, naishi Chanika kwa mwanangu wa pekee, Saidi, na hii simu naitumia mwenyewe, msije mkasema kuna mjukuu ananiandikia. Kusoma nilijifunza kisomo cha watu wazima, enzi za Ujamaa.

Enzi hizo hizo ndizo zilizonichukulia mume. Tulikuwa tunakaa Kunduchi, na kazi yake ilikuwa kupasua mawe kwa baruti machimboni. Mjini pakatokea mlipuko, na wote walioijua baruti wakatafutwa. Askari walitukuta mchana tunakula. Mume wangu akanawa mikono, akaniambia, "Nifunikie ubwabwa wangu, narudi sasa hivi." Saidi alikuwa anatambaa.

Kituoni nikaambiwa yuko kizuizini, na kwamba sheria inawaruhusu kumweka mtu bila kumpeleka mahakamani. Nikauliza, sasa nyie mnaulizwa na nani? Mmoja akanijibu kwa dharau, labda Bunge. Mimi nikaenda kweli kwa mbunge wetu, naye hakunitupa. Alipeleka swali, na siku ya kujibiwa akanichukua nikasikilize mwenyewe. Nilikaa juu kwenye viti vya wageni, Saidi mgongoni.

Waziri akasimama, akasema mtu huyo ni mzima wa afya na uchunguzi ukiisha atarudi kwake. Wabunge wakapiga meza. Spika akamuuliza mbunge wetu kama ana swali la nyongeza. Akatikisa kichwa, akakaa. Nje akaniambia, "Dada, umesikia mwenyewe. Tukizidi kuuliza tutamharibia." Nilimshukuru mpaka nikapiga magoti. Siku ile nilirudi Kunduchi nacheka peke yangu njiani.

Mtaniuliza alitakiwa aulize nini tena. Alitakiwa aulize yuko wapi. Basi.

Hakurudi. Uchaguzi ukaja, mbunge akabadilika, na huyo mpya nilipomfuata akaniambia swali hilo lilikwishajibiwa. Kila niliyemwendea baada yake alinipa maneno hayo hayo, mpaka nikachoka kutembea.

Wanangu, upweke wangu sijui niuiteje. Aliyefiwa huletewa uji na watu wakalala kwake matangani. Aliyeachwa hupewa talaka yake akajua moja. Mimi sikuletewa uji wala talaka. Kwenye shughuli za watu wanawake hawakujua waniweke na wake au na wajane, na wengine waliogopa hata kuonekana na mke wa mtu wa baruti. Alitokea muuza samaki mmoja, mtu mwema tu, akataka kunioa. Shehe akasema ile ndoa ya kwanza inaweza kuvunjwa. Nikakataa. Ningesemaje mume wangu kafa, na Serikali imesema mbele ya Bunge zima kuwa ni mzima? Watu walinicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia. Nimezeeka nikiitwa mke wa mtu, na kitandani niko peke yangu.

Sasa Saidi anataka kumsomea baba yake hitma. Juzi kaniambia, "Mama, baba angekuwa anakaribia miaka tisini. Tumpumzishe, na wewe upumzike."

Nikamjibu, "Wa kusema amekufa ni wale waliosema yu hai."

Akasema, "Mama, wale nao wameshakufa."

Tangu siku hiyo sili nikashiba. Shehe wa hapa anasema nikikubali kuwa amekufa, nikae eda, na nguo za eda Saidi ameshaninunulia, ziko juu ya kabati. Sitawaficha, kuna saa nazitamani. Natamani na mimi watu wanijazie ukumbi, wanishike mkono, waniambie pole, hata kama wengi wao hawakuwahi kumwona. Lakini naogopa. Duniani hapa hakuna mwingine anayeuliza yuko wapi ila mimi, na siku nitakayovaa zile nguo nami nitakuwa nimekaa chini kama yule mbunge.

Nyie wenye wazee wenu nyumbani, niambieni kwa moyo mmoja, na msinionee haya. Nikae eda, au niendelee kumfunikia ubwabwa wake?