Hotuba ya Enid Sproat Kabla ya Kukatwa Kichwa

Katika kile kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Jumamosi, historia yote ya Uingereza ilikuwa makalio. Wafalme waliwakimbiza vijakazi kitandani, watawa walificha mabaharia chini ya majoho yao, na vile vitabu vinene ambavyo watu wa London hudai wamevisoma viligeuzwa kuwa watu wazima wanaofukuzana wakiwa na nguo za ndani tu. Na katika kila karne, wa kuvuliwa sketi alikuwa Enid Sproat.

Enid alikuwa binti wa muuza nyama wa mji mdogo wa Barnsley. Utotoni alishinda mashindano ya kughani kwenye ukumbi wa kanisa, akapanda treni ya London kwenda kuwa malkia wa jukwaani. Mvi zikamkuta bado kijakazi. Sketi yake ilifungwa kamba nyembamba. Nyuma ya pazia Norman, fundi wa jukwaa, jitu la mikono mizito, aliivuta, sketi ikashuka, watu wakacheka, basi. Hakuwahi kutamka zaidi ya "Uwii!"

Mwishowe wakampa umalkia. Malkia anapelekwa kukatwa kichwa, anaiaga nchi yake. Watunzi waliandika hotuba ndefu, nzuri, ya kuliza; si kwa kumpenda Enid, ila sketi ilihitaji mahali pa heshima pa kuangukia.

"Ukisema tu 'Ewe nchi yangu,' Norman anavuta," alisema mwongozaji, Bwana Ledbury.

"Na hotuba iliyobaki?"

"Ya nini, mpenzi? Watakuwa wanacheka."

Lakini Enid alikwisha kuishika yote. Aliighani bafuni, akaighani akimenya viazi, mpaka jirani akagonga ukuta. Alitaka aifikishe mwisho mbele ya watu, mara moja tu kabla hajazeeka kabisa. Kwa hiyo siku ya kurekodi, chumba cha mavazi kilipobaki kitupu, alichukua uzi wa kushonea viatu akaishonelea sketi kwenye koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno, mshono juu ya mshono, kama anayefunga gunia la mkaa.

Watazamaji waliletwa kwa basi kutoka kiwanda cha biskuti. Mchekeshaji wa kuwachangamsha alikuwa ameshawamwagia matusi ya mafumbo, hata kiti kikisogezwa walicheka.

Enid akatokea na taji. "Ewe nchi yangu..."

Norman akavuta. Wapi! Akakanyaga ukuta kwa mguu, akavuta kwa nguvu zake zote. Sketi ikagoma kuondoka, akaondoka malkia. Aliteleza jukwaa zima, kwanza wima, kisha kwa matako, akamzoa mkata vichwa, ambaye alikuwa Cyril Mossop, nyota wa kipindi, wakaenda wote kuiangusha ngome ya mbao nyembamba. Na muda wote huo Enid alikuwa anahutubia. Neno la mwisho alilitamka chini ya mnara. Hakuna aliyelisikia. Watu wa biskuti walikuwa wanalia kwa kucheka.

Kantini, Cyril alimfuata na shoka lake la karatasi ngumu.

"Umeniibia kicheko, mwanamke wee!"

"Kicheko chako nikipeleke wapi? Mimi nilikuwa naongea."

"Ledbury! Wiki ijayo nashonwa mimi. Nitaburutwa mimi!"

"Safi sana, Cyril. Enid atarudi ujakazi."

Enid akamgeukia Ledbury, sinia mkononi. "Na maneno yangu, bwana? Yamesikika?"

"Maneno gani, mpenzi?"

Wala hakumkejeli. Aliuliza kweli, na hapo ndipo palipouma. Enid akaweka sinia chini. Akasimama mbele ya sufuria la njegere, akakunja mikono kifuani, akaanza upya: "Ewe nchi yangu..."

Nyuma yake foleni ya waigizaji ilikuwa ndefu: askari wa Kirumi, na mtawa mwenye masharubu.

"Mama, songa, chipsi zinapoa!"

"Kwani anafanya nini huyu?"

"Anakufa."

"Basi afie pembeni, watu tuna njaa!"

Enid hakuharakisha hata neno. Aliiaga mito, akayaaga makanisa, akamsamehe mkata vichwa, ambaye wakati huo alikuwa akimlalamikia mpishi kuhusu soseji. Alipomaliza, mtawa alikuwa ameshampita akajipakulia mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Enid akafuta jasho, akaokota sinia, akaomba pai ya nyama, yenye mchuzi mwingi.

Sasa, hotuba ikiwa imefika mwisho, alikuwa na njaa kweli.