Bahasha ya Siri Ndani ya Pipa la Unga

Shule niliiacha darasa la sita wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu watatu. Ndiyo maana kazi yangu ya uhudumu katika ofisi ya kijiji naishika kwa meno.

Juzi, bosi wangu, mtendaji wa kijiji, akiwa safarini, ililetwa bahasha yenye mhuri mwekundu: SIRI. Nikaifukia nyumbani, ndani ya pipa la unga.

"Dada, kuna vita?" akauliza mdogo wangu Zuhura.

"Mambo ya serikali hayaropokwi," nikajibu, kifua mbele.

Jirani yetu Mzee Selemani, aliyesikia habari za bahasha, akaleta kuku ili nimdokezee. Nikamrudisha na kuku wake!

Jana alasiri mtendaji akarudi, akakuta ukuta wa matangazo mtupu, akauliza kama hakuna barua iliyoletwa. Nikamletea bahasha kwa mikono miwili, ikipukutika unga. Akaisoma kwa sauti: "Tangazo kwa wananchi wote. Kujiandikisha kupata salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mwisho..." Akaitazama tarehe. "Ni leo saa kumi na moja!"

"Lakini mhuri, bosi?"

"Bahasha ya zamani, wameitumia tena!"

Ilikuwa saa kumi. Nikatoka mbio kijiji kizima, unga hadi kwenye nyusi, nikiipigia kelele siri ya serikali.

"Punguza sauti, mwanangu," Mzee Selemani akaniita kutoka barazani, "maadui watasikia!"