Masaa Matatu ya Mama Shiro

Siku ya kwanza kazini nilifika Ruiru saa moja kasorobo, nimevaa sketi ya kuazima. Msimamizi wa Dawati akanionyesha kiti, kompyuta na sanduku la barua pepe ambalo hakuna mtu alikuwa amelifungua tangu aliyenitangulia aondoke. "Hapa ndipo dunia inatutukania," akasema. "Kazi yako ni kupunguza matusi." Halafu akaenda kunywa chai. Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa, yote. Nayataja mapema kwa sababu baadaye watu walitaka sana kujua nilifundishwa na nani.

Najua maandishi ya namna hii huandikwa na wazee wenye mvi, wenye pensheni na picha ya sherehe ya kuagwa. Mimi nina miaka ishirini na saba, mtoto mmoja, cheti cha kidato cha nne, na kazi nimeshastaafu. Nilistaafishwa. Nawaandikia nyinyi mnaoingia kwa kazi hii sasa, maana najua hakuna atakayewaambia.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ilisambaza intaneti kwa nyumba, maduka na saiba, vile vyumba vya kompyuta za kulipia, kutoka Ruiru hadi Murera na Thika, kwa antena zilizofungwa juu ya magorofa. Ukitoka nje kwenda kwa intaneti unaonekana kwa namba, ambayo sisi tuliiita anwani. Mtu akitumia laini yetu kutuma barua za utapeli, au mashine yake ikianza kujaribu nywila kwa sava ya wenyewe, yule anayeshambuliwa huona anwani, hutafuta ni ya kampuni gani, na hutuandikia: anwani yenu fulani, saa fulani, imetufanyia hivi. Hiyo inaitwa ripoti. Kazi yangu ilikuwa kusoma ripoti, kumtafuta mteja na kuchukua hatua.

Sasa sikiza hapa, maana ndipo kila kitu kiliharibikia. Anwani sio ya mteja milele. Ni kama nyumba ya kupanga. Stima ikipotea na ruta ikizima, mteja amehama. Stima ikirudi anapewa anwani nyingine, na ile ya kwanza anaingia mtu mwingine. Sava yetu iliweka rekodi ya nani alikaa wapi, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Kwa hivyo ukiambiwa nyumba fulani ilirusha mawe, usiulize nyumba ni ya nani. Uliza saa hiyo nani alikuwa ndani.

Na hatua yetu ilikuwa moja: kufunga laini. Ukishaifunga, kila kompyuta ya mteja, akifungua chochote, inaonyesha ukurasa mwekundu wenye maandishi makubwa: LAINI HII IMEFUNGWA KWA SABABU YA UHALIFU WA MTANDAO. Huo ukurasa aliuandika Meneja wa Ufundi mwenyewe na aliupenda kama mtoto wake. Nilimuuliza kama hatuwezi kumpigia mteja simu kwanza.

"Mwizi anapigiwa simu?" akaniuliza. "Funga kwanza. Asiye na makosa atakuja mwenyewe kulia."

Nilifunga watu wengi. Nilikuwa mwepesi, tena nikasifiwa. Nilikuwa bado nanyonyesha, na mtoto nilikuwa nimemwacha kwa jirani, kwa hivyo saa saba nilikuwa nakimbia nyumbani na kurudi kabla Msimamizi hajaangalia saa. Niliwahi kumwomba dakika kumi za kukamua maziwa kwa stoo ya nyaya. Akaniambia maziwa sio dharura ya mtandao. Sisemi hivyo kujitetea. Kosa nililofanya ni langu, na nitalisema.

Ripoti ilitoka ng'ambo, kwa fundi wa sava wa chuo fulani. Anwani yetu ilikuwa imejaribu kuingia kwake kwa nywila mia na kitu, siku iliyotangulia, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Nikafungua rekodi. Saa nne na dakika kumi na nne anwani hiyo ilikuwa ya Mama Shiro, mwenye saiba ya kompyuta nane huko Makongeni, Thika. Nikabonyeza, nikamtumia barua ya kufungwa yenye saa hiyo na jina langu. Nikatoka kwenda kunyonyesha.

Huko Makongeni kompyuta zote nane zilikuwa na watu. Kulikuwa na kijana anaomba chuo, mzee wa kanisa anachapisha programu ya mazishi, mwalimu, akina mama wawili wanatafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Skrini zote zikawa nyekundu kwa pamoja, zikasema uhalifu. Mzee wa kanisa alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kwa Mama Shiro ukiandika nambari ya kitambulisho, imeibiwa.

Siku tatu baadaye yule fundi wa ng'ambo aliandika tena. Anwani ile ile, bado inagonga. Sikufungua rekodi tena, nilidhani mwenyewe namjua. Laini ya Mama Shiro nimeikata, aje bado inashambulia? Maiti haipigi simu. Nikamwambia Msimamizi. Akasema wezi wana ujanja mwingi.

Siku hiyo hiyo Mama Shiro akaja Ruiru. Sio kulia, vile Meneja alivyosema. Alikuja na kaunta buku, lile daftari nene la wenye maduka. Pale kwake hakuna anayekaa kwa kompyuta bila kuandika: jina, simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyokuja kufanya. Akaiweka juu ya meza yangu na kuifungua.

"Wewe ndio Nyambura unaandikanga hizo barua za kufunga?"

"Ni mimi, Mama."

"Sawa. Basi nionyeshe mwizi wangu. Hawa hapa wote wa saa nne ya barua yako. Huyu ni mwalimu wa Sunday school. Huyu hajui hata kushika mouse, mimi ndio namshikia. Chagua."

Nikapitisha kidole kwa majina, moja baada ya jingine. Lakini chini ya hayo majina kulikuwa na mstari wa kalamu nyekundu umekatiza ukurasa: STIMA IMEENDA SAA TANO. Aliandika hivyo ili asimhesabie mteja muda wa giza. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu hadi saa nane. Huo mstari ulinisumbua: stima ikienda mteja anahama, lakini ripoti ilisema saa nne, kabla haijaenda.

Nikafanya kitu ambacho hakuna mtu kwa hilo dawati alikuwa amewahi kufanya. Nilimjibu mwenye ripoti. Nilimuuliza: hii saa yako ni ya wapi? Akajibu kwa adabu kabisa. Kila ripoti, akasema, ina alama ya kujumlisha na sufuri nne mwishoni mwa saa, na maana yake ni kwamba saa hiyo ni ile ya kimataifa, sio ya Nairobi. Sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Hizo sufuri nilikuwa nimeziona kwa kila ripoti tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni mapambo.

Nikaongeza tatu. Saa saba na dakika kumi na nne mchana. Stima ya Makongeni ilikuwa imepotea tangu saa tano, Mama Shiro alikuwa ameshahama kwa hiyo anwani, na aliyepanga ndani alikuwa mashine ya kurekodi kamera za ulinzi kwa ploti moja ya magorofa huko Murera. Iliwekwa na mafundi wetu wenyewe. Nywila yake ilikuwa ile iliyobandikwa chini ya boksi kutoka kiwandani, sawa na ya kamera zote tulizoweka Murera. Mtu yeyote duniani angeingia, na mtu aliingia.

Nikarudi nyuma kwa daftari la dawati, ambamo kila laini iliyofungwa huandikwa. Sikumuona Mama Shiro peke yake. Ukurasa baada ya ukurasa, watu niliowafunga, na wale waliofungwa na aliyenitangulia, wote tuliwahukumu kwa saa isiyo yao.  Nikabeba daftari hadi kwa Meneja wa Ufundi.

Alisoma polepole, akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tunatosha. Ukikubali mmoja umekubali wote, na hao wote watakuja hapa na mawakili." Akanirudishia daftari. "Huyu wa Makongeni mrudishie laini. Mwambie kampuni imemsamehe."

Nilimuuliza tumemsamehe nini. Akasema nimeajiriwa kufunga na kufungua, sio kuuliza. Na zile kamera? Hizo, akasema, mwenye ploti ni mteja mkubwa, tutazungumza naye polepole.

Mimi, mjinga, nilipiga hiyo simu vile nilivyoambiwa. Mama Shiro alilirudia neno langu.

"Nimesamehewa," akasema. "Na nani? Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu, Mama. Ni sisi."

"Basi usinifungulie. Watu wangu walisoma kwa skrini nane kwamba mimi ni mwizi. Mtanifungulia siku mtaandika kwa hizo skrini nane kwamba mimi sio mwizi. Kabla ya hapo kaa na intaneti yako."

Alikaa hivyo wiki tano, akitumia bando ya simu kuendesha kompyuta mbili, wateja wakipita kwenda kwa saiba ya kona. Kila Jumatatu niliomba barua ya kumsafisha. Jumatatu ya nne nikahamishwa tawi la Thika kuuza ruta kwa kaunta. Msimamizi akasema ni kupandishwa cheo.

Lakini hakuna aliyefuta nywila yangu ya kuandika ule ukurasa mwekundu. Kampuni ambayo haibadilishi nywila ya kamera, itabadilisha yangu?

Nilimpigia Mama Shiro, nikamwambia ningekuja Jumamosi. Hakuniuliza kwa nini. Alifungua kaunta buku, akapigia simu wote nane waliokuwa wameketi siku ile. Walikuja watano. Mzee wa kanisa alisimama mlangoni, kofia kichwani, kama mtu ambaye hataki kuonekana ameingia. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na laptopu ya kazi kwa mfuko wa nepi.

"Andika kwa kitabu kwanza," Mama Shiro akaniambia. "Hapa hakuna mkubwa."

Nikaandika jina, simu, saa. Akainama, akaangalia, na wale watu wote wakiwa hapo akaniuliza, "Na hii saa umeandika, ni ya wapi?"

"Ya Makongeni, Mama."

"Haya. Keti."

Aliwasha kompyuta nane, moja baada ya nyingine. Ukurasa ulikuwa umebaki mwekundu, rangi sikujua kubadilisha. Maneno ndiyo niliyobadilisha: LAINI HII ILIFUNGWA KIMAKOSA. KAMPUNI ILISOMA SAA VIBAYA. MWENYE SAIBA HANA HATIA. Chini yake niliweka jina langu. Mwalimu alisoma kwa sauti, vile walimu husoma. Mzee wa kanisa alitoa kofia.

Mama Shiro aliangalia skrini moja, akasogea akaangalia ya pili, hadi ya nane, kama anayehakikisha hakuna aliyepunjwa. Kisha akajifuta macho kwa kipande cha kitenge na kuniambia, "Sasa toa hiyo kitu, watu wafanye kazi."

Nikafungua laini. Meneja wa Ufundi alipiga simu kabla sijafunga laptopu. Hakupiga kelele. Alisema tu nisirudi, hata kuchukua kikombe changu.

Sasa niko nyumbani Murera. Kutoka kwa dirisha la jikoni naona ploti yenye zile kamera, na zingine nyingi zilizowekwa na mafundi wale wale. Yule fundi wa ng'ambo bado ananiandikia, sasa kwa barua pepe yangu mwenyewe, zikimgonga. Nami naandika ripoti, na saa, na ni saa ya wapi, natuma kwa lile sanduku la Ruiru. Najua hakuna anayelifungua. Kama ni wewe umepewa kile kiti sasa, ripoti zangu ziko hapo juu kabisa. Anza na hizo, na kidole chako kitoe kwa hicho kitufe cha kufunga mpaka umeongeza tatu.